Nambari ya Tarakimu 26 na Mashahidi Wake Wawili



Ndugu wasomaji, katika toleo hili tumeona ni vyema tuzungumze juu ya kitu ambacho karibu kila mwenye nyumba miongoni mwetu anacho, naye huenda hajakitazama kwa makini hata siku moja. Nacho ni ile nambari ndefu ya akaunti ya benki inayoanza kwa herufi SA, ambayo hapa Riyadh na Jeddah watu wote huiita IBAN. Wengi wetu huiona kuwa ni udhia mtupu: ni ndefu, haikaririki, na ukikosea tarakimu moja inakataliwa. Sisi nasi tulikuwa na mawazo hayo hayo mpaka lilipotufika jambo lililotutia adabu.

Tulikuwa tukimchangia mgonjwa wetu aliyelazwa Riyadh. Jamaa wa Jeddah walikuwa wamekwisha kukusanya fungu lao, na kijana wao mmoja akampigia simu mtunza fedha wetu ili apewe nambari ya akaunti. Mtunza fedha, kwa kuwa amezoea kuhesabu kwa Kiarabu kazini kwake, akaisoma kwa Kiarabu, tarakimu mbili mbili. Sasa, Waarabu katika kutaja hesabu hutanguliza mamoja kabla ya makumi. Sisi twasema "sabini na tano". Wao husema "khamsa wa sab'in", yaani tano na sabini. Kijana akaandika kama alivyosikia: tano kwanza, saba baadaye. Benki ikaikataa ile nambari papo hapo.

Yaliyofuata si mazuri kuyasimulia, lakini hatuna budi kuyasema, kwani ndimo lilimo funzo. Kwa muda wa siku mbili yakapita maneno huko Jeddah kwamba akaunti haipo. Wengine wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini michango ya zamani ilikwenda wapi. Mtu mwaminifu akavunjiwa heshima kwa sababu ya tarakimu mbili zilizobadilishana mahali. Siku ya tatu wazee wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, wakaketi kwenye simu na kusomeana tarakimu moja moja kwa Kiswahili. Kosa likaonekana, na fedha zikafika siku ile ile. Mtunza fedha akaombwa radhi, naye akasamehe.

Lakini swali likabaki kwetu: ile mashine ya benki ilijuaje? Haikumjua kijana wala mtunza fedha, na iliikataa nambari kabla hata ya kumtafuta mwenye akaunti. Tulipofuatilia tukakuta kwamba nambari yenyewe ndiyo iliyosema. Imeundwa hivi kwamba ikiandikwa kwa makosa hujikana yenyewe.

UKUBWA WAKE

IBAN ya Saudi Arabia ina nafasi 24. Kwanza herufi SA, yaani jina la nchi. Kisha tarakimu mbili za ukaguzi, ambazo ndizo hasa tutakazozizungumza. Kisha tarakimu mbili za benki, na mwisho tarakimu 18 za akaunti. Kila nchi ina urefu wake: Imarati ni nafasi 23, Kuwait ni 30. Utaratibu huu umewekwa na Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) katika kiwango chake nambari 13616, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1997.

Hatutaki kumtaja mtu wala akaunti ya mtu, kwa hiyo tutatumia kielelezo kinachochapishwa katika orodha rasmi ya kimataifa kuwa ndiyo sura ya IBAN ya Saudi Arabia:

SA03 8000 0000 6080 1016 7519

Benki inapoikagua, haiitazami kama maandishi, bali huigeuza ikawa nambari nzima moja. Nafasi nne za mwanzo, SA03, hupelekwa mwisho. Kisha herufi hugeuzwa tarakimu: A ni 10, B ni 11, na kuendelea hadi Z ambayo ni 35. Kwa hiyo S ni 28 na A ni 10. Kinachopatikana ni nambari ya tarakimu 26:

80,000,000,608,010,167,519,281,003

Lugha yetu haina jina la kawaida la nambari kama hii, maana tukifika mabilioni na matrilioni twachoka. Ili msomaji auone ukubwa wake, na akumbuke ile hadithi mashuhuri ya sataranji: mwenye hekima aliyeomba kwa mfalme punje moja ya nafaka katika nyumba ya kwanza ya ubao, mbili katika ya pili, nne katika ya tatu, na kuzidisha maradufu hivyo hivyo mpaka nyumba ya 64. Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni mkubwa wa Khwarazm, alizipiga hesabu punje hizo katika kitabu chake al-Athar al-Baqiya, takriban mwaka 1000, akapata 18,446,744,073,709,551,615. Mfalme hakuwa na ghala la kutosha kuzilipa. Basi nambari hiyo iliyomshinda mfalme ina tarakimu 20 tu. Ile yetu ya benki ni kubwa kuliko hiyo zaidi ya mara milioni nne.

MIZANI YA KALE

Kuipima hesabu ili ijulikane kama ina kosa si elimu iliyoletwa na mashine. Wanahesabu wa Kiislamu waliijua, nao waliiita mizani. Abul Hasan al-Uqlidisi, aliyeandika kitabu chake cha hesabu huko Damascus mwaka 341 Hijria, yaani 952, na baada yake Kushyar ibn Labban wa Gilan, waliwafundisha watu kuipima hesabu kwa kutoa tisa tisa. Njia yenyewe ni nyepesi: jumlisha tarakimu za nambari mpaka ibaki tarakimu moja. Chukua 7519. Saba na tano na moja na tisa ni 22. Mbili na mbili ni 4. Hiyo 4 ndiyo inayobaki ukiigawa 7519 kwa 9. Mfanyabiashara aliyezidisha au kujumlisha aliweza kuzilinganisha baki hizi, na zisipopatana akajua pana kosa.

Mizani hiyo ni nzuri, lakini ina upofu mmoja. Jaribu kuiandika 7519 kama alivyoandika kijana wetu, tano mbele ya saba: 5719. Tano na saba na moja na tisa ni 22 vile vile, na kinachobaki ni 4 vile vile. Mizani ya tisa haikuona kitu. Kosa la kupishanisha tarakimu, ambalo ndilo kosa la wenye haraka na wenye lugha mbili, linapita mbele yake kama mtu apitaye mbele ya mlinzi aliyelala.

KWA NINI 97

Waliounda utaratibu wa IBAN waliiacha tisa wakaichukua 97. Sharti walilowekea nambari ni moja tu: ile nambari nzima ya tarakimu 26 ikigawanywa kwa 97, lazima ibaki 1. Ikibaki kingine chochote, nambari si sahihi. Tarakimu mbili za ukaguzi, ambazo katika kielelezo chetu ni 03, huchaguliwa na benki kwa makusudi ili sharti hilo litimie. Nazo ndizo tulizoziita mashahidi wawili.

Nguvu ya 97 inatokana na mambo mawili. Kwanza, ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Pili, ni namba tasa kubwa kuliko zote zilizo chini ya 100, kwa hiyo ushahidi wake watosha kuandikwa kwa tarakimu mbili tu.

Sasa tazama inavyofanya kazi. Ukikosea tarakimu moja, tofauti baina ya nambari sahihi na ile ya makosa ni tarakimu moja yenye kufuatwa na masifuri: labda 5, au 50, au 5,000,000. Nambari za namna hii 97 haiwezi kuzigawa kamwe, kwa sababu haimo katika 10 wala katika tarakimu yoyote kuanzia 1 hadi 9. Kwa hiyo baki hubadilika na kosa huonekana kila mara. Hili latuhusu sana hapa Uarabuni, ambako mara nyingi twanakili tarakimu zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Tano yao ni kiduara kinachofanana na sifuri yetu, na sita yao inafanana na saba yetu. Macho yaliyochoka huzichanganya, na 97 huyagundua.

Na ukipishanisha tarakimu mbili zilizo jirani, tofauti yake daima ni fungu la tisa: 75 ukitoa 57 ni 18, yaani mara mbili ya 9. Hapa ndipo tunapoona kwa nini mizani ya kale ilikuwa kipofu: tofauti yenyewe inagawanyika kwa 9, kwa hiyo baki haibadiliki. Lakini 97 haigawi 9, wala 18, wala 81, wala yoyote katika hizo pamoja na masifuri yake. Ukipishanisha tarakimu zilizo mbali mbali, tofauti huwa fungu la 99, au 999, au 9,999 na kuendelea; na safu fupi kuliko zote ya tisa tupu inayogawanyika kwa 97 ina tisa 96. Nambari yetu ina tarakimu 26 tu. Kwa hiyo tarakimu mbili zozote tofauti zikibadilishana mahali, ziwe karibu au mbali, kosa litaonekana. Hii si bahati wala makadirio. Ni jambo lililothibiti.

HESABU KWA KALAMU

Tusidhani kwamba jambo hili linahitaji mashine. Mtoto wa darasa la tano aweza kulifanya kwa kalamu na karatasi, kwa sababu 100 ni 97 na 3. Kwa hiyo gawa nambari katika jozi za tarakimu mbili mbili. Anza na jozi ya kwanza. Zidisha kwa 3, ongeza jozi inayofuata, na kila jumla inapofika 97 au zaidi, toa 97 mpaka ishuke chini yake. Endelea hivyo hadi mwisho. Jozi za kielelezo chetu ni hizi:

80 00 00 00 60 80 10 16 75 19 28 10 03

Tunaanza na 80.
80 mara 3 na 00 ni 240. Toa 97 mara mbili, baki 46.
46 mara 3 na 00 ni 138, baki 41.
41 mara 3 na 00 ni 123, baki 26.
26 mara 3 na 60 ni 138, baki 41.
41 mara 3 na 80 ni 203, baki 9.
9 mara 3 na 10 ni 37.
37 mara 3 na 16 ni 127, baki 30.
30 mara 3 na 75 ni 165, baki 68.
68 mara 3 na 19 ni 223, baki 29.
29 mara 3 na 28 ni 115, baki 18.
18 mara 3 na 10 ni 64.
64 mara 3 na 03 ni 195. Toa 97 mara mbili, baki 1.

Imebaki 1, na nambari ni sahihi. Sasa weka 57 mahali pa 75, kosa lile lile lililotufitinisha. Kutoka 30 utapata 50, kisha 72, kisha 50, kisha 63, na mwisho 95. Imebaki 95 wala si 1. Hivyo ndivyo benki ilivyojua.

USHAHIDI UNA MPAKA WAKE

Tungekuwa tumewadanganya wasomaji wetu lau tungeishia hapa na kusema kwamba nambari hii hailaghaiwi. Mashahidi hawa wawili wana mpaka, na ni wajibu wetu kuueleza.

Makosa yakiwa mengi kwa pamoja, huenda yakafichana. Chukua zile tarakimu za mwisho za akaunti, 7519, uziongeze 97, utapata 7616. Tarakimu mbili zimebadilika, lakini kwa kuwa tumeongeza 97 kamili, kinachobaki ni kile kile. Mizani haitasema neno. Mtu akiandika tarakimu ovyo ovyo tu, kiasi cha mara moja katika kila mara 97 ataangukia nambari yenye kukubalika.

Mpaka wa pili ni mkubwa zaidi. Nambari inashuhudia juu ya mkono wa aliyeandika. Haishuhudii juu ya moyo wake. Mlaghai anayekupigia simu akijifanya ni mtu wa benki, au anayetuma ujumbe kwa jina la mgonjwa asiyekuwapo, atakupa nambari isiyo na kosa hata moja. Ukiigawa kwa 97 itabaki 1. Ni nambari sahihi ya mtu asiye sahihi. Kwa hiyo asiseme mtu, "Benki imeikubali nambari, basi mambo ni salama." Benki imekubali kwamba nambari imenakiliwa vizuri, hayo tu. Mwenye nambari ni nani, hilo ni juu yako kuuliza, kwa kumpigia mhusika kwa simu unayoijua wewe tangu zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya ujumbe.

NA FEDHA ZA NYUMBANI JE?

Hapa ndipo penye jambo lililotuhangaisha zaidi tulipokuwa tukiandika makala hii. IBAN yatulinda tunapotumiana fedha baina ya Riyadh na Jeddah. Lakini fedha zetu nyingi haziishii hapa. Zinakwenda Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, Kampala; ni ada za shule, ni matofali ya nyumba, ni dawa za wazee. Na Tanzania, Kenya na Uganda hazimo katika utaratibu wa IBAN. Huko hutumika nambari ya akaunti ya benki yenyewe pamoja na alama ya SWIFT, na alama hiyo huitambulisha benki, haimtambulishi mwenye akaunti. Wengine hutuma kwa nambari ya simu, nayo haina mashahidi wawili. Ukikosea tarakimu moja ya simu, huenda ukaangukia simu ya mtu mwingine aliye hai, tena yuko macho.

Kwa hiyo tunapofika dirishani, iwe ni katika zile ofisi za kutuma fedha za Batha au za Balad, lazima mashahidi wawe sisi wenyewe. Tunapendekeza mambo haya. Nambari isomwe tarakimu moja moja, wala si mbili mbili, na kwa lugha moja tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyeandika amrudishie msomaji kile alichokiandika, si msomaji kukariri tena alichokisema. Jina la mpokeaji lilinganishwe na lililomo katika karatasi kabla ya kutia saini. Na risiti ihifadhiwe mpaka mpokeaji athibitishe kwa sauti yake.

Haya si mageni katika dini yetu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, imekuja kuhusu kuandika deni na kuweka mashahidi wawili. Tukiitafakari tutaona kwamba kuandika na kushuhudisha si dalili ya kutoaminiana. Ni kinga ya kuaminiana. Lau siku ile tungeikagua nambari kwa kalamu kabla ya kuwakagua watu kwa ndimi zetu, ndugu yetu asingelala siku mbili akitiliwa shaka.

ZOEZI KWA WATOTO WETU

Hapa chini kuna nambari mbili tulizozitunga kwa ajili ya zoezi hili, si za mtu yeyote. Moja imenakiliwa sawasawa na nyingine ina kosa. Peleka nafasi nne za mwanzo mwisho, geuza SA iwe 2810, kisha piga hesabu kama tulivyoonyesha.

(a) SA55 9900 0000 0000 4716 0325
(b) SA55 9900 0000 0000 4176 0325

Ipi inabakisha 1? Na ile nyingine inabakisha ngapi? Jibu tutalichapisha katika toleo lijalo, inshallah. Tunawaomba wazazi waketi na watoto wao wakati wa zoezi hili. Na baada ya hapo watoe kadi zao wenyewe, waikague pamoja IBAN ya nyumba yao. Mtoto akishaona kwa macho yake kwamba ile nambari kubwa imebakisha 1, hatasahau kwamba tarakimu ni amana, na kwamba kuinakili amana kuna adabu yake.

Mwenyezi Mungu atulinde na makosa ya mikono yetu na ya ndimi zetu. Wallahu a'lam.